Kiungio cha taa ya tangi kikigeuka rangi: kisome kabla hujakisugua

Karibu kila anayeniletea taa ya LED ya tangi la samaki huwa ameshaisafisha. Ameona kijani kwenye kiungio, pale waya wa adapta unapoungana na wa taa, amechukua mswaki wa zamani, amesugua mpaka pini zimeng'aa, amechomeka, taa imewaka siku nne kisha ikaanza kupepesa. Ndipo anaponijia. Na mimi nakuwa sina tena cha kusoma, kwa sababu ile rangi aliyoifuta ndiyo iliyokuwa ikieleza ugonjwa.

Basi ombi langu la kwanza kwa kila mfuga samaki wa Unguja na Pemba ni hili: ukikuta rangi ngeni kwenye kiungio, usiisugue. Chomoa plagi kabisa ukutani, usitosheke na kuzima swichi. Kausha mikono na uvae viatu. Kisha tenganisha kiungio, dume huku na jike kule, upige picha za karibu kwa simu. Katika picha hizo tafuta mambo matatu: ni rangi gani, iko kwenye pini ipi, na je, imeshika chuma peke yake au mpaka plastiki iliyokizunguka.

Hayo matatu yatakujibu swali linalobeba mengine yote: kilichokula hapa ni chumvi au ni moto? Mtu asiyezoea huviona sawa, yote ni "kutu" kwake. Lakini kiungio kilicholiwa na chumvi, ukikiwahi, husafishika kikafanya kazi miaka. Kilichoungua hakisafishiki. Kinakatwa, kinatupwa, kinawekwa kipya, na tena hakiwekwi kipya mpaka ijulikane kimeunguzwa na nini.

Kwa nini kwetu huja upesi

Angalia kichupa cha chumvi jikoni. Nyumba nyingi za hapa hutia punje za mchele ndani yake, maana bila hivyo chumvi hushikana ikawa donge. Chumvi safi huanza kunyonya maji ya hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na usiku wa pwani yetu hupita hapo mara kwa mara. Chumvi ya bahari ni shida zaidi, kwa sababu ndani yake mna kloridi ya magnesi, nayo hunyonya maji hata katika hewa ya unyevu wa asilimia 33 hivi. Kwa hiyo ile alama nyeupe unayoiona juu ya kiungio na kuidhania kavu, imebeba maji usiku na mchana, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno.

Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi. Pampu ya hewa ikipasua mapovu juu ya tangi, kila povu hurusha vitone vidogo ambavyo jicho halivioni, na vitone hivyo hutua kwenye taa iliyo sentimita 20 tu juu yake. Ongeza dirisha lililo wazi upande wa bahari wakati wa kaskazi au kusi, na umepata sababu ya taa inayodumu miaka mitano kwingine kuchoka mwaka wa pili hapa.

Kijani na buluu: shaba inaliwa

Hii ndiyo rangi ninayoiona kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mkunazini, mjini Unguja, ana tangi la maji ya bahari sebuleni, lita 120, lenye kamba wawili wadogo, konokono na samaki watatu. Siku moja alinipigia.

"Fundi, mwanangu, taa yangu inawaka na kuzima kama kimulimuli."

"Shikamoo mwalimu. Imeanza lini?"

"Marahaba. Tangu Ijumaa. Nikiutikisa waya inatulia kidogo, kisha inarudi yale yale."

"Basi usiutikise tena, na usiisafishe. Ichomoe tu, nakuja baada ya alasiri."

Nilipofungua kiungio chake cha duara, kile cha adapta chenye mdomo wa milimita 5.5, ganda la nje lilikuwa safi kabisa, linang'aa kama jipya. Ndani, ile pini ya katikati ilikuwa haionekani. Palikuwa na kichuguu cha unga wa kijani kibichi kilichochanganyika na buluu, na nilipokigusa kwa kijiti cha meno kikaporomoka, pini ikatokea chini yake, nyembamba kama mguu wa mbu, imechongoka upande mmoja. Sehemu kubwa ya shaba yake ilikuwa imekwisha kugeuka unga ule.

Kwa nini pini moja iishe na jirani yake ibaki nzima? Hapo ndipo rangi inapozungumza. Adapta ya taa hutoa umeme wa upande mmoja, volti 12 au 24, ambao haugeuki. Chumvi mbichi ikiunganisha pini ya chanya na ya hasi, umeme mdogo hupita ndani ya ule unyevu saa zote, na metali ya upande wa chanya huyeyuka kidogo kidogo. Upande wa hasi hauliwi hivyo. Katika viungio vingi vya duara chanya ni pini ya katikati, ndiyo maana ndiyo inayokwisha. Ukiona pini moja ina kijani na nyengine imesalimika, usitafute tena: ni chumvi na umeme wa moja kwa moja vimekutana.

Ukiona kijani kimesambaa sawasawa pini zote, na hata kwenye skrubu na sehemu zisizopitisha umeme, hiyo ni hewa ya chumvi peke yake. Inakwenda polepole na husafishika kwa wepesi zaidi.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mwalimu alikuwa akizima taa kwa rimoti kila usiku, akiamini umeme umekatika. Rimoti yake huzima mwanga tu. Kidhibiti kinachoitii rimoti kiko mbele ya kiungio kwa upande wa taa, kwa hiyo volti 24 za adapta zilikuwa zikikaa kwenye kile kiungio usiku kucha. Tena usiku ndio wakati unyevu ulio mwingi. Pini ilikuwa ikiliwa saa 24 huku taa ikiwaka saa 9 tu. Dawa ni taima inayokaa ukutani kabla ya adapta, ili taa ikizimwa adapta nayo ikose umeme. Ni kifaa cha bei ndogo, nami sioni kingine kinachookoa viungio vingi kama hicho.

Kabla ya kuhukumu kijani, kipapase, plagi ikiwa imechomolewa. Kikiteleza kama ute na kikitoka kwa kidole, huo ni mwani uliopata maji na mwanga, hauna hatia. Kikiwa unga mkavu au gamba gumu, hiyo ni shaba.

Na unga huo usiudharau. Kamba, konokono na matumbawe hawaistahamili shaba hata kwa sehemu ndogo ya miligramu moja katika lita ya maji. Samaki wanaweza kuonekana wazima wakati kamba wako wanakufa mmoja mmoja nawe hujui sababu. Kiungio cha kijani kikiwa juu ya tangi, kiondoe hapo kabla ya kukifungua. Kifungulie mezani juu ya gazeti, na unga wake utupe na gazeti hilo. Usikipulize kwa mdomo.

Kuna kijani cha aina nyengine ambacho nilikitengeneza mwenyewe, nami nakieleza ili mwengine asirudie. Miaka ya nyuma, nikijenga matangi ya vioo, nilikuwa na tyubu za silikoni za kuziba pembe. Nikaona, kwa nini nisizibe na viungio vya taa kwa silikoni ile ile, maji yasipite kabisa? Nilifanya hivyo kwenye taa sita za wateja. Baada ya miezi michache nne zikarudi. Nilipoipasua ile silikoni, ndani shaba ilikuwa kijani tupu, na hakuna hata tone la maji ya bahari lililoingia. Silikoni inayonuka siki wakati inakauka hutoa asidi ile ile ya siki, na asidi hiyo ikifungiwa pamoja na shaba huila. Kwa kioo haina neno. Kwa kiungio usiitumie. Ukitaka silikoni ya kuzibia umeme, tafuta ile isiyotoa harufu ya siki, na muuzaji akikwambia "zote sawa", fungua uinuse mwenyewe.

Weusi ndani ya waya

Mara nyingi weusi hufuatana na kijani. Umekata kiungio kibovu, umemenya ganda la waya ili ulehemu kipya, badala ya shaba nyekundu yenye kung'aa unakuta nyuzi nyeusi kama masizi. Maana yake unyevu wa chumvi haukuishia kwenye kiungio. Umepanda ndani ya ganda, katikati ya zile nyuzi, kama mafuta yanavyopanda utambi wa koroboi.

Waya mweusi haushiki risasi ya kulehemu. Utaiona risasi inajikunja kitone na kudondoka. Fundi asiyekuwa na subira huikwangua kwa kisu, akafunga kwa tepu, kazi ikaenda wiki mbili. Usikubali. Kata sentimita mbili, menya, tizama. Bado nyeusi? Kata nyengine mbili. Nimewahi kukata hivyo mpaka sentimita 15 kabla ya kukutana na shaba safi. Ukifika kwenye mwili wa taa bila ya kuona wekundu, badilisha waya wote.

Weusi ulio juu ya pini zilizopakwa fedha, mwembamba kama kivuli, ni jambo jengine: fedha huchafuka hewani kama bangili ya bibi, na kitambaa kikavu kinatosha.

Manjano, kahawia, plastiki iliyolainika: moto

Hapa acha kila kitu na usirudishe plagi ukutani.

Kiungio kilichopata moto peke yake hakina unga. Plastiki yake imegeuka rangi ya chai ya maziwa, kisha kahawa, kisha nyeusi, na rangi huwa nzito zaidi karibu na pini moja na kufifia ukienda mbali. Pini yenyewe inaweza kuwa na rangi rangi za zambarau na samli. Inanuka, na harufu yake hukaa siku nyingi, kama mpini wa sufuria ulioguswa na moto. Ukiibonyeza plastiki kwa kucha huenda ikavunjika kama gamba la yai, au ukakuta pini inacheza ndani yake.

Kinachotokea ni hesabu ndogo. Taa ya wati 60 inayotumia volti 12 huvuta ampea 5. Pini zikishikana vibaya, tuseme ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa omu 0.2 tu umejitokeza pale zinapogusana, joto linalozalishwa ni ampea mara ampea mara omu: 5 × 5 × 0.2, yaani wati 5. Wati tano ndani ya kitu kidogo kuliko ncha ya kidole gumba, kimefungwa kwa plastiki, hakina pa kupumulia. Taa ya wati hizo hizo 60 ikiwa ya volti 24 huvuta ampea 2.5, na ukinzani ule ule unatoa wati 1.25 peke yake, robo ya joto. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue ipi, namwambia ya volti 24, hata kama ni ghali kidogo.

Joto hilo hupunguza mkazo wa kibano cha ndani kinachoishika pini, kibano kikilegea ukinzani unazidi, ukinzani ukizidi joto linazidi. Haliponi lenyewe. Linakwenda mbele tu.

Sasa, nini kinachosababisha pini zishikane vibaya? Chumvi inaweza kuwa ya kwanza, kwa hiyo utakuta kijani chini ya kahawia. Lakini usikimbilie kuilaumu bahari kila mara. Kijana mmoja wa Wete, Pemba, alinipelekea kwa boti taa ya tangi la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, anafuga samaki wadogo wa mapambo na mimea ya majini. Majirani na fundi wa kwanza walishamwambia, "Hewa ya bahari hiyo, hapa kisiwani utafanya nini." Nikakifungua kiungio: hakuna unga, hakuna kijani, hakuna chumvi. Ganda limebabuka kahawia upande mmoja, na ndani ya tundu mna vidoa vyeusi vidogo vidogo kama alama za cheche. Nikamuuliza kwa simu kama adapta ni ya asili. Akasema ile ya asili ilikufa umeme uliporudi kwa kishindo, akanunua nyengine dukani. Imeingia vizuri, taa ikawaka.

Iliingia, lakini haikushika. Viungio vya duara vinavyofanana kabisa kwa nje, milimita 5.5, viko vya aina mbili kwa ndani: vya pini ya milimita 2.1 na vya pini ya milimita 2.5. Adapta yenye tundu la 2.5 huivaa pini ya 2.1 kama kanzu ya baba kwa mtoto. Inagusa upande mmoja, inaachia, inarusha cheche kila pampu inapotikisa meza. Jaribio lake ni jepesi: chomeka, kisha sukuma plagi kwa kidole juu, chini, kushoto, kulia, bila kuvuta. Taa ikipepesa hata mara moja, ama vipimo havikukutana au kibano kimechoka. Kwa kijana wa Wete nilibadilisha pande zote mbili, dume na jike. Usibadilishe upande mmoja. Kibano kilichopata joto kimepoteza mkazo, na kitakiunguza hata hicho kipya.

Sababu nyengine ya moto ni zile klipu za plastiki za kuungia utepe wa LED bila kulehemu, ambazo hubana utepe kwa meno madogo. Kwenye dari ya sebule zinafaa. Juu ya maji ya bahari mimi sizikubali hata kidogo, kwa sababu lile jino ni jembamba, limeachwa wazi, na chumvi ikilipata huanza kijani na kumalizika kwa kahawia. Zikate, ulehemu.

Rangi zinazobaki

Nyeupe huwa ama chumvi ama unga wa aluminiamu au zinki inayoliwa, khasa pale skrubu ya chuma kisichoshika kutu inapogusa bati la kupoza la aluminiamu. Kujua ni ipi, kwangua kidogo utie kwenye kijiko cha maji moto: ikiyeyuka ni chumvi, ikibaki chini kama chokaa ni metali.

Wekundu wa kutu ya kweli unasema pini ni chuma kilichopakwa nikeli. Lete sumaku, ikidaka kwa nguvu, usipoteze wakati kusafisha, tafuta kiungio cha shaba au shaba nyeupe.

Waridi au zambarau gumu kama ganda, kwenye kiungio kinachokaa ndani ya maji, ni mwani unaojenga chokaa. Hauli kitu. Ukwangue kwa ukucha wa plastiki ikiwa unakukera.

Na plastiki nyeupe iliyogeuka manjano sawasawa mwili mzima, bila ya kuwa nzito karibu na pini, bila harufu, bila kulainika, imepigwa na mwanga miezi mingi tu. Iache.

Kupima usipoamini macho

Kiungio kinaweza kuonekana kizuri kumbe kibovu. Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa: washa taa kwa mwanga wake wote kwa saa moja, kisha kwa mkono mkavu shika waya, halafu shika kiungio. Kiungio kikiwa na joto kuliko waya wa jirani yake, kuna ukinzani ndani.

Ukiwa na mita ya kupimia umeme, iweke volti za upande mmoja. Taa ikiwa inawaka kwa nguvu zote, gusisha ncha moja nyuma ya pini ya dume pale ilipolehemiwa, na nyengine nyuma ya pini ile ile upande wa jike. Kiungio kizima kitaonesha volti 0.05 au chini ya hapo. Ikivuka 0.2, usikiache hivyo. Kama kiungio kimefungwa huwezi kufika nyuma yake, tafadhali usitoboe ganda la waya kwa sindano, kama nilivyoona mafundi wakifanya. Tundu lile dogo ndilo mlango wa chumvi wa mwakani. Ridhika na kipimo cha joto.

Kusafisha kilichobakia kusafishika

Hii ni kwa chumvi na kijani cha juu tu, pini ikiwa bado nene na plastiki haijaguswa na moto.

Tia siki nyeupe kwenye kizibo cha chupa. Zamisha pini peke yake, mdomo wa kiungio ukitazama chini ili siki isipande kwenye waya, dakika tano mpaka kumi. Utaona siki inageuka buluu ya mbali. Hiyo ni shaba inatoka. Piga mswaki laini, rudia ikibidi. Hapo wengi huacha, wakafuta kwa tishu na kuchomeka. Siki iliyobaki ndani ni asidi, nayo itaendelea kula.

Suuza mara mbili, na usisuuze kwa maji ya kisima. Visima vingi vya pwani yetu vina maji ya magadi, kwa hiyo unakuwa umeosha chumvi kwa chumvi. Tumia maji ya mvua uliyoyakinga safi, au maji ya betri yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari. Mwambie muuzaji wazi kwamba unataka maji, hutaki tindikali, maana chupa zake hukaa rafu moja. Malizia kwa spiriti ya duka la dawa ili isukume maji yaliyojificha, mbali na jiko na sigara, kisha weka mbele ya feni mpaka kesho yake. Usirudishe umeme siku hiyo hiyo.

Kikikauka, paka pini mafuta mazito ya silikoni, kiasi cha punje ya mtama kila upande. Pini zikisukumana, mafuta hupisha pale metali zinapogusana na hubaki pembeni yakizuia unyevu. Vaselini watu huitumia nami sijamkataza mtu kwenye kiungio kikavu, lakini huharibu baadhi ya mipira ya kuzibia, kwa hiyo kwenye viungio vya kuskurubu usiipake.

Hivyo vya kuskurubu vina alama ya kuzuia maji, kama IP67. Alama hiyo inahusu kiungio kilichokazwa pete yake mpaka mwisho, mpira wake ukiwa mahali pake, na kilijaribiwa kwa maji baridi ya kawaida, nusu saa, kina cha mita moja. Si ahadi ya miaka miwili juu ya bahari.

Plagi ya ukutani

Rangi ya kahawia kwenye plagi ya pini tatu au kwenye soketi ya ekstensheni ni jambo la volti 230, na hapo simwelekezi mtu kufungua mwenyewe kama si fundi umeme. Nitasema mawili tu. Taa ya wati 60 huvuta kama ampea 0.26 ukutani, ndani ya plagi yake fyuzi ya ampea 3 inatosha, ilhali nyingi ninazofungua zina 13, ambayo itauacha waya mwembamba uungue kabla haijakatika. Na nyumba yenye tangi iwe na kikata umeme cha uvujaji, kile cha miliampea 30, kwa sababu maji ya bahari yakikutana na umeme huo hayakupi nafasi ya pili.

Kiungio kikae wapi

Taa ya mwalimu wa Mkunazini niliilehemu kiungio kipya, nikakata sentimita nane za waya uliokuwa mweusi. Lakini kazi iliyochukua muda ni kukihamisha. Kilikuwa juu ya kifuniko, sawia na mapovu. Nikakipeleka ubavuni, nje ya kioo, nikakifunga kwenye mguu wa meza ya tangi mdomo ukitazama chini. Waya unaotoka kwenye taa nikauachia tumbo, ushuke chini ya kiungio kisha upande kukifikia, ili tone linalotembea juu ya waya lidondoke pale tumboni badala ya kuingia mdomoni. Adapta ikatoka sakafuni ikatundikwa msumarini, na nayo waya wake ukapewa tumbo.

Kila Ijumaa asubuhi huchomoa taa, akapangusa kifuniko, waya na kiungio kwa kitambaa kilicholowa maji baridi na kukamuliwa, kisha kwa kikavu. Mara moja kwa mwezi hukifungua akatizama pini ya katikati kwa miwani yake, akanipigia picha. Ya mwisho aliyoniletea ilikuwa na doa moja la kijani, dogo kama kichwa cha pini, kwenye ukingo wa tundu. Nikamwambia alipige mswaki na spiriti, asubiri likauke, na achunguze mpira wa kifuniko kwa upande ule. Akakuta umepasuka.

"Naweka mwengine leo," aliniambia, "na picha ya mwezi ujao utaiona."